Mitego ya Akili za Wenzangu

Jumatatu, 18 Novemba

Leo nimesoma. Darasa la saba nililimaliza zamani, nikadhani yamekwisha. Kumbe.

Alikuja kijana wa mradi, anaitwa Abdulhalim. Akatukusanya shuleni hapa Nyamisati, sisi tunaonenepesha kaa kwenye vizimba. Nilidhani atatufundisha kaa. Akatufundisha akili. Alisema akili ya binadamu ina mitego yake, na mtu hunaswa bila kusikia maumivu. Ukishaamini jambo, alisema, unaona yale tu yanayokuunga mkono. Mengine unayapita kama kinyesi cha mbuzi njiani.

Nikageuka kumtazama shemeji yangu Mwanamina, mdogo wa marehemu mke wangu. Alikuwa anakula biskuti. Hakushtuka hata kidogo. Ndivyo ugonjwa ulivyo.

Kisha kijana akauliza nani hapa anajiona hodari wa kaa kuliko wenzake wengi. Mikono yote ikapanda. Yote! Niliwaonea huruma. Watawezaje kuwa hodari wote, na mimi nimo humo humo darasani?

Kulikuwa na mtego wa mwisho, alisema ndio mkubwa kuliko yote. Nilisikia nusu tu, kitu kama mtu kuona mitego ya wenzake. Nilikuwa napanga kichwani nani nimpelekee upi. Mwanamina alinitazama muda wote ulipokuwa unaelezwa, sijui kwa nini.

Jioni binti yangu Yasmini akapiga simu kutoka Kibiti. Yale yale. Chumba cha uani kiko tayari, kina feni na vigae. Mume wake ameridhia. Ati tangu mama yake afariki sili vizuri, na naongea na kaa.

Kuongea na kaa si kosa. Marehemu mke wangu Mwajabu alikuwa anawagongea kizimba kwa kijiko kabla ya kuwalisha, kama anayebisha hodi. Hakuna aliyetaka kumhamishia Kibiti.

Tumewekeana sharti. Jumamosi ya tarehe 30 ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku zote, na Gharibu mnunuzi anakuja. Kaa wangu watakaokubaliwa wakiwa wengi kuliko watakaokataliwa, nabaki nyumbani kwangu, na habari ya Kibiti isitajwe tena. Wakikataliwa wengi, nafunga mlango, nakwenda kukaa chini ya feni.

Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Mwenye siri haogopi mtihani.


Jumanne, 19 Novemba

Siri yenyewe ni mabibo.

Wenzangu wote wanalisha kaa vichwa vya samaki, utumbo, konokono wa mikokoni. Mazoea tu. Wamewakuta baba zao wakifanya hivyo. Msimu huu wenye mikorosho wanang'oa korosho, bibo, tunda lenyewe, wanalitupa chini. Mimi nazunguka na ndoo, naokota, nakatakata, nagawa chumba kwa chumba. Kizimba cha kaa kina vyumba kama nyumba ya kupanga. Ukiwaweka pamoja wanakulana, kama wapangaji.

Sikubahatisha. Mwezi uliopita niliangusha bibo kwenye chumba cha kaa mmoja, bahati mbaya. Gharibu alipokuja akambonyeza tumboni kwa dole gumba, kama anavyowafanyia wote. Kaa mtupu hubonyea, ndani maji matupu, anarudishwa. Huyu hakubonyea. Gharibu akasema huyu amejaa hasa.

Amejaa! Kwa bibo moja!

Ni kweli kaa yule alikuwa mkubwa tangu siku aliyoingia kizimbani. Lakini hilo halihusiani.


Jumatano, 20 Novemba

Nimeshuka mikokoni maji yalipopwa. Nyayo kwenye tope! Ndogo, za mwanamke, kidole gumba kimeachana na wenzake. Mguu wa Mwanamina. Naujua, hata marehemu alikuwa na mguu ule ule, viatu vya kufunika vikimsumbua.

Vizimba vyake viko upande wa pili wa mkondo. Kwangu anafuata nini?

Nikafunua vyumba. Magamba ya samaki. Kipande cha utumbo. Mabibo yangu yamesukumwa pembeni.

Sikuhitaji kufikiri sana. Anawachafulia kaa wangu maji ili wafe. Bado ana kinyongo tangu msiba, niliposema vizimba vya dada yake nitavitunza mwenyewe. Alisema hapo hapo mbele ya watu kwamba mimi hata kuku walinishinda.

Kuku walikuwa na ugonjwa. Mtaa mzima walikufa. Wa Mwanamina tu ndio hawakufa.


Ijumaa, 22 Novemba

Baada ya sala nimepita gengeni kununua chumvi. Mwanamina yuko pale na wanawake wenzake. Akaniita mume wangu kwa sauti, kama mashemeji wa huku wanavyotaniana, akauliza kama kaa wangu wamekwisha kula matunda yao, na kama jioni nawapikia uji wa lishe.

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamweleza kwa upole kwamba yeye yumo kwenye mtego wa kwanza wa Abdulhalim. Ameshaamini kwamba kaa anakula samaki, basi kila akimwona kaa anakula samaki anadhani ameshinda.

Akanitazama. Akaniuliza nimekula nini leo.

Nikasema hilo halihusiani.

Alileta bakuli la wali wa nazi magharibi, akaliweka kizingitini, akaondoka bila kubisha hodi. Nimelikagua vizuri. Halikuwa na kitu. Nimelila lote, ili asipate la kusema.


Jumamosi, 23 Novemba

Abdulhalim alisema dawa ya mtego ni kutafuta kwa bidii ushahidi wa kukupinga. Mimi si mtu wa kudharau elimu. Nimeutafuta. Nimekaa barazani nikautafuta tangu adhuhuri hadi alasiri. Sijauona.

Alisema pia ukitaka kujua kama dawa inafanya kazi, wagawe wagonjwa mafungu mawili, fungu moja lipate dawa, jingine lisipate. Hili nimelipenda. Nimewachagua kaa wangu wakubwa, wazuri, wale wa kuringia. Nimewafunga magando, nimewapakia kwenye mtumbwi, nimewahamishia kwenye kizimba cha zamani kilichoko kijito cha nyuma, kwenye mikoko mikubwa, ambako mguu wa Mwanamina haufiki. Huko watakula mabibo peke yake. Hakuna utumbo, hakuna uchafu, hakuna wivu.

Waliobaki kwenye vizimba vikubwa nimewaachia Mungu na Mwanamina.

Kizimba kile cha zamani tulikitengeneza na Mwajabu mwaka wa kwanza. Fito alizifunga yeye, fundo moja kama la wanaume, moja kama la wanawake, ndivyo alivyokuwa akisema, hata sikumuuliza tofauti yake. Yote yamekaza hadi leo. Nilikaa pale mpaka maji yakanifika kiunoni.


Jumapili, 24 Novemba

Mvua. Mabibo mengi chini. Rehema.


Jumatatu, 25 Novemba

Kaa wa siri hawajagusa mabibo ya jana. Wala ya juzi. Yameanza kuchacha, kijito kinanuka pombe.

Nilisimama nikafikiri kwa haki, bila kujipendelea. Nani hukataa chakula? Aliyeshiba. Basi wameshiba.

Mmoja amekufa. Unene, nadhani. Mtu akinenepa ghafla moyo haumudu.

Kwenye vizimba vikubwa nyayo zipo tena, na magamba tena. Kaa wa huko wakali, wanarusha magando ukiwafunua. Uchafu umewakera. Nimewaomba radhi mmoja mmoja, nikawaeleza kwamba vita hii si yao.


Jumatano, 27 Novemba

Yasmini amefika. Hakungoja Jumamosi. Amekuja na bodaboda kutoka Kibiti, na magunia matupu chini ya kwapa. Ati aanze kufunga vyombo, isije ikawa haraka haraka.

Nikamwambia magunia ni ya mtu aliyekwishashindwa. Akasema Baba, ni magunia tu.

Ameanza jikoni. Sufuria, mbuzi ya kukunia nazi, chungu. Alipofika kwenye kisahani cha mama yake, kile cha kupozea chai, alikishika muda mrefu akakirudisha kilipokuwa. Mwajabu hakuwahi kunywa chai kikombeni. Anamimina kisahanini, anapuliza, na kikombe kinabaki kinamwangalia.

Baadaye nikamkuta Yasmini amesimama kwenye ukuta wa chumbani. Kuna kiganja pale. Siku tuliyokandika, Mwajabu aliteleza akajishika kwenye udongo mbichi, alama ikakauka. Nilitaka kuisawazisha. Akasema iache, ili ukuta ujue ni nani kaujenga.

Yasmini akasema taratibu kwamba nyumba hii naing'ang'ania kwa sababu ya jasho nililolitoa humu, na jasho lililokwisha kutoka halirudi, niende au nibaki. Nikashtuka. Ni mtego mwingine wa Abdulhalim, neno kwa neno! Na hakuwepo darasani!

Nikamwambia hajaelewa. Mtego ule ni wa watu wanaong'ang'ania vitu vibovu. Nyumba hii si mbovu.

Paa lilikuwa linavuja wakati huo, lakini upande wa ghalani tu.


Alhamisi, 28 Novemba

Mwanamina na Yasmini wamenong'ona uani asubuhi nzima, wakichagua mchele. Nilipopita wakanyamaza. Nilipokwisha kupita wakaanza tena.

Nimewapa somo la mitego lote, bure. Yasmini alisikiliza kwa adabu. Mwanamina aliuliza ule wa mwisho ulikuwaje, mkubwa kuliko yote. Nikasema haukuwa na maana. Akainamia ungo, mabega yakimtetemeka. Sijui kilio, sijui kicheko. Kwa mwanamke yule huwezi kujua.


Ijumaa, 29 Novemba

Kesho.

Nimewapelekea kaa wa siri mabibo mara mbili. Nimewagongea kizimba kwa kijiko. Nimewaambia kesho wasiniangushe, kwamba Kibiti hakuna mikoko, kuna vumbi na pikipiki, na kwamba nikienda mimi hakuna atakayejua kwamba fundo moja ni la kiume na moja la kike.

Yasmini amekwisha kufunga magunia yote. Yamepangwa mlangoni. Usingizi sijui nitaupataje.


Jumamosi, 30 Novemba

Naandika yote kama yalivyotokea.

Gharibu alifika maji yalipopwa. Watu wengi ufukweni, wengine hawana hata kaa. Neno la sharti lilikwisha kuenea. Yasmini alisimama na mama yake mdogo, vichwa pamoja.

Nilitanguliza kaa wa siri. Niliwaleta mwenyewe kwenye tenga, nimewafunika majani mabichi kama maharusi. Gharibu akamchukua wa kwanza, akambonyeza. Dole gumba likazama. Akamweka pembeni. Wa pili, pembeni. Wa tatu akampima mkononi, mwepesi kama kifuu. Gharibu akauliza kwa heshima kama hawa wametoka kwenye maradhi.

Wote. Hakubaki hata mmoja.

Niliangalia magunia kwa mbali, mlangoni kwangu. Nilimwona Yasmini ameinamisha kichwa. Hakuwa na furaha, namjua, ni mwanangu. Alikuwa anatafuta namna ya kunishika mkono bila watu kuona.

Ndipo vikaletwa vizimba vikubwa. Wale niliowaachia Mungu na Mwanamina. Gharibu akabonyeza, akasita. Akabonyeza tena. Akaita msaidizi wake aje ashike. Amejaa. Wa pili amejaa. Wakapita vyumba vyote vile, na waliorudishwa unaweza kuwafunika kwa ungo mmoja. Gharibu akasema toka bamvua ya Idi hajashika kaa kama hawa huku.

Hesabu ya wazi. Waliokubaliwa wengi. Nabaki!

Nikawageukia watu nikaanza kuwaeleza habari ya mabibo. Nilikuwa nimefika kwenye bibo la kwanza, lile lililoanguka bahati mbaya, Mwanamina akanikata.

"Shemeji, nimewalisha mimi," akasema. Hakupaza sauti. "Utumbo na konokono, kila maji yakipwa. Wale uliowaficha ndio sikuwaona, na umeona walivyo."

Akaendelea, sasa hatanii.

"Dada aliniambia kabla hajaondoka. Alisema, yule mume wangu akikosa viumbe vya kulisha, atasahau kula hata mwenyewe. Niangalizie kaa wake, wasife. Wakiwa hai, atakuwa na pa kuamkia."

Nikainama kufunika tena tenga langu.

Yasmini alimtazama mama yake mdogo muda mrefu. Kisha akatembea mpaka mlangoni kwangu, akaanza kufungua magunia. Akaanza na kisahani.


Jumapili, 1 Desemba

Nimelala. Nimeamka. Akili imetulia. Sasa naweza kuyapima mambo kwa haki, bila kujipendelea.

Kwanza, Mwajabu kusema vile. Naamini alisema. Ni maneno yake, nayasikia mpaka namna alivyovuta pumzi katikati. Nililia kidogo kisimani, nikanawa. Lakini alisema nisisahau kula. Hakusema lolote dhidi ya mabibo.

Pili, Mwanamina. Masikini. Amenasa kwenye mtego ule wa watu ambao jambo likishatokea wanadai walijua tangu mwanzo. Abdulhalim aliueleza vizuri sana. Kaa wamenenepa, sasa yeye ndiye aliyewanenepesha! Kama wangekonda, angesema ni mabibo. Kwa hiyo kwake mabibo hayashindi kamwe. Nimemweleza hivyo leo asubuhi kwa upole. Akauliza, na wale wa kizimba cha siri, waliokula mabibo matupu? Swali zuri. Nilikuwa nimejiandaa. Wale walikosa mabibo ya kutosha.

Ni wazi. Kaa wa vizimba vikubwa walikula mabibo yangu, juu yake wakapata na uchafu wake, wakakasirika, hasira ikawafungua hamu, wakala mabibo zaidi. Kule kijitoni kulikuwa kimya mno. Kaa hawezi kunenepa bila adui. Hili Abdulhalim hakulifundisha. Nitamwandikia.

Msimu wa mabibo unakaribia kuisha. Nimeanika ya akiba juu ya paa, upande usiovuja.

Yasmini amerudi Kibiti mchana. Aliniaga vizuri, akamkumbatia mama yake mdogo vizuri zaidi. Akaniambia Baba, kula. Nikamwambia aondoe mashaka, mtihani nimeufaulu mbele ya watu, kwa elimu.

Sasa jambo moja. Bamvua ijayo sitaki ubishi wa nani amelisha. Lazima ijulikane. Nimenunua kufuli, nimefunga vifuniko vya vizimba vyote kwa mnyororo. Hakuna atakayeingiza utumbo wala konokono. Ni mabibo makavu tu, mwanzo hadi mwisho, na watu wataona.

Ufunguo nimempa Mwanamina.

Nimefikiri sana juu ya hilo. Mimi napoteza vitu, na mwizi ukimfanya mlinzi haibi tena. Akiwa na ufunguo yeye, hatapata pa kusema amewalisha kwa siri, maana kila mtu atajua ni yeye peke yake anayeweza kufungua. Nimemnasa.

Akaupokea kwa mikono miwili. Akaufunga kwenye pindo la kanga. Akaniambia, haya mume wangu, umenishinda. Kisha akakaa chini pale pale uani, akacheka mpaka akashika tumbo. Mtu akikubali kushindwa kwa moyo mweupe namna ile, nami humheshimu.

Jioni ameleta wali. Nimekula wote.